Shamba la mkonge likipata mwenyewe mpya: kwa nini linachukua karibu miaka mitano kuamka

Ukipanda basi Tanga mjini kwenda Korogwe, ukishapita Pongwe tu unaanza kuona mkonge. Mistari imenyooka kama imepigwa rula, alafu ghafla kichaka, alafu milingoti mirefu imekauka imesimama katikati ya hicho kichaka, alafu mahindi ya watu na nyumba mbili tatu za udongo, alafu mkonge tena wa mtu mwingine. Pale penye kichaka ndo ninapotaka kupazungumzia leo. Lile nalo ni shamba, lina hati, lina mipaka, lilikuwa na korona, yaani mashine ya kuchuna majani ya mkonge, na zahanati na timu ya mpira, na siku moja itasikika kwamba limepata mwenyewe mpya na watu wa vijiji vya jirani watafurahi kweli.

Alafu miezi sita inapita hakuna kitu. Mwaka unaisha, trekta mbili zinazunguka basi. Hapo maneno yanaanza, huyu tapeli, huyu kachukua hati akakopee benki, huyu hela hana. Wakati mwingine ni kweli kabisa, yapo mashamba hati zake ziliwekwa rehani na hela ikaenda kwenye biashara nyingine, tumeyaona. Lakini mara nyingi mwenyewe mpya yupo na nia anayo, ila mkonge una saa yake na hauisogezi mbele kwa hela, na yeye mwenyewe kaanza kazi kwa kuanzia mwisho.

Mimi nimezaliwa kambini. Baba yangu alikuwa fundi wa korona kwenye shamba moja upande wa Muheza, likafa yeye akiwa bado anadai mishahara yake, na akafariki hajalipwa. Miaka mitatu hii nimekuwa nakwenda kwenye shamba jingine ambalo limenunuliwa na ndugu wawili wa hapa hapa Tanga, walinitafuta niwaunganishe na wazee waliofanya kazi zamani. Kwa hiyo nayaona ya kambini na nayaona ya ofisini, na nimeona niyaeleze maana watu wanalaumiana kwa vitu ambavyo vinaelezeka.

Tuanze na mmea wenyewe. Mkonge sio mahindi kwamba ukikosea msimu huu utarekebisha msimu ujao. Unaanza na vile vimiche vidogo vinavyotokea juu kwenye mlingoti baada ya maua kudondoka, unaviokota, unavichambua, unavipanda kitaluni, na pale kitaluni vinakaa mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Ndo vinahamishiwa shambani. Shambani unasubiri tena kama miaka mitatu hivi mpaka kata ya kwanza. Jumlisha mwenyewe, hiyo ni miaka minne mpaka minne na nusu tangu umeokota kimiche chini ya mlingoti mpaka umeona singa yako ya kwanza, zile nyuzi zinazotoka kwenye jani, na hapo sijahesabu muda wa kufyeka na kung'oa visiki. Baada ya hapo unakata kila mwaka majani ya chini, mpaka siku mkonge unapotoa mlingoti. Ukishatoa mlingoti umemaliza maisha, jani jipya hakuna. Mkonge wa kawaida unaishi kati ya miaka 7 na 12 hivi na unatoa majani kama 200 mpaka 250 maisha yake yote. Ule chotara unaoitwa 11648, uliozalishwa hapo hapo kwetu kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, unatoa majani mengi zaidi ya hayo, ndo maana umeenea mashamba mengi, ingawa nao una ugonjwa wake wa madoa kwenye majani ambao mpaka duniani unajulikana kwa jina la Korogwe.

Sasa chukua shamba la hekta 1,000 ambalo mkonge wake unaishi miaka 10. Ili korona isisimame inabidi kila mwaka upande hekta 100 mpya, kila mwaka bila kukosa, uwe na bloku changa, bloku za kati na bloku zinazozeeka kwa wakati mmoja. Ukiacha kupanda mwaka mmoja hakuna atakayejua. Ukiacha miaka mitatu pia hakuna atakayejua, maana bado unakata ule wa zamani na marobota yanatoka kama kawaida, na kwenye hesabu shamba linaonekana lina faida nzuri tu kwa sababu gharama ya kupanda haipo. Mwaka wa saba wa nane hivi ndo milingoti inaanza kutoka kila upande na hakuna bloku ya kuingia badala yake. Shamba la mkonge linakufa hivo, kimya kimya, na meneja aliyeacha kupanda mara nyingi kashahama zamani.

Ukiielewa hiyo unaielewa na historia yetu. Mkonge uliletwa na Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, mingi ikafia safarini, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaja mashamba yote haya mpaka Kilosa na Morogoro, na mwaka 1964 Tanganyika ikavuna karibu tani 230,000, hakuna nchi nyingine duniani iliyofikia hapo wakati ule. Miaka hiyo hiyo kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanza kuporomoka. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba mengi yakataifishwa. Mpaka leo ukikaa na wazee barazani Ngamiani utasikia ubishi, wengine wanasema mkonge uliuliwa na nailoni, wengine wanasema uliuliwa na serikali. Mimi naona bei ilipoanza kushuka wenye mashamba walikuwa wa kwanza kupunguza kupanda, kabla hata ya kutaifishwa, maana nani atatia hela kwenye kitu cha kuvuna baada ya miaka minne wakati bei inashuka kila mwezi? Serikali ikapokea mashamba ambayo tayari yalikuwa yanazeeka, na yenyewe nayo haikupanda vya kutosha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani kama 20,000, yaani hata sehemu moja ya kumi ya ile ya 1964 haifiki. Ndo mashamba yakauzwa tena kwa watu binafsi. Na kwa wengi walionunua, hadithi ikawa ile ile, kukata bila kupanda.

Turudi kwa mwenyewe mpya. Kitu cha kwanza anachoshika mkononi ni karatasi. Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake, kwa hiyo hata ukilipa mabilioni unachopata ni haki ya kulikalia na kulitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na ile miaka inahesabiwa tangu hati ilipotolewa, sio tangu wewe uliponunua. Hati ina masharti ya kuendeleza. Shamba likikaa pori muda mrefu linaweza kufutiwa hati, na hapa mkoani kwetu yapo yaliyofutiwa na wananchi wakagawiwa. Kuna kodi ya pango la ardhi ambayo pengine aliyekuuzia hajaigusa miaka mingi. Alafu kuna jambo ambalo mawakili wanalijua ila wanunuzi wanalichukulia juu juu, umenunua kampuni au umenunua mali? Ukinunua kampuni na hisa zake, madeni yake yote umeyabeba pamoja nayo, mishahara ya watu, michango ya mifuko ya jamii, kila kitu. Ukinunua mali tupu, ardhi na mashine, kwa kawaida madeni yanabaki kwa yule wa zamani. Kwenye makaratasi hiyo tofauti ni kubwa. Kambini haipo kabisa. Mama aliyefiwa na mume akidai miezi yake haangalii jina la kampuni, anaangalia geti, na geti ni lile lile. Wale ndugu wawili walinunua mali, kisheria hawadaiwi na mtu, na mwezi wa kwanza tu walishangaa kukuta wazee kumi na kitu wamekaa chini ya mwembe wa ofisi na barua zao za zamani kwenye mifuko ya nailoni. Mkubwa akataka kuwaambia waende mahakamani. Mdogo akasema hapana, tuwasikilize. Hawakuwa na hela ya kulipa deni ambalo sio lao na walisema hivo wazi, ila waliandika majina yote kwenye daftari, na wakaahidi kazi ya kwanza itakayopatikana itaanzia kwenye hilo daftari, wao au watoto wao. Walitimiza. Naamini kabisa siku ile chini ya mwembe ililifaa lile shamba kuliko trekta zote mbili.

Na hao wa mwembe ni nusu tu ya watu. Wengine wako ndani ya shamba. Shamba likiachwa miaka 15 watu hawakai kulitazama, wanalima. Wanapanda mahindi, mihogo, wanapanda minazi na michungwa, wanazika wazazi wao humo. Kwenye ramani wanaitwa wavamizi. Wao wenyewe wanajiona wakulima ambao hawana pengine pa kwenda, na wengi ni wajukuu wa manamba waliosombwa kutoka Kigoma, Songea, mpaka Msumbiji, kuja kukata mkonge huu huu. Ukiita polisi utawatoa, alafu kiangazi kitafika na moto utaingia kwenye mkonge wako mchanga usijue umetoka wapi. Yule mwenye michungwa na kaburi inabidi ukae naye pamoja na viongozi wa kijiji, ama eneo lake limegwe ama alipwe haki yake, na hiyo inachukua muda, hakuna njia ya mkato. Yule wa mahindi kuna namna nyingine nzuri sana ambayo mkonge wenyewe unairuhusu.

Mkonge unapandwa mistari miwili miwili. Kati ya mstari na mwenzake mita 1, alafu unaacha nafasi ya mita 4, alafu mistari miwili tena. Mche na mche sentimeta 80. Ukipiga hesabu inakuja miche 5,000 kwa hekta. Ile nafasi ya mita 4 miaka miwili ya kwanza iko wazi kabisa na jua linaipiga, usipoilima itajaa majani, na majani yakiuzidi mkonge mchanga unadumaa. Kwa hiyo unamwambia yule mama wa mahindi, endelea kulima hapa hapa katikati ya mistari, panda maharage, kunde, mahindi mafupi, mavuno yote yako, sharti lako moja upalilie na mche wangu usiukate. Yeye anakula, wewe umepaliliwa bure, na moto hauingii maana shamba ni lake pia. Ikifika mwaka wa tatu majani ya mkonge yanaanza kufunga nafasi na yeye anahamia bloku mpya. Wazo hili halijaanza jana, kilimo cha mseto na mkonge kimefanyika Tanga miaka mingi, ila nashangaa wangapi wananunua shamba na kulipa vibarua wa palizi wakati wapaliliaji wako ndani ya shamba na majembe yao.

Haya, kusafisha. Mtu akiona kichaka cha mkonge wa kujiotea anasema si mkonge huo, kata! Nilidhani hivo na mimi. Siku moja tulikwenda na mzee mmoja aliyefanya kazi na baba, nikamwonyesha bloku imejaa mkonge mpaka huwezi kupita, machipukizi yamebanana, miiba mitupu. Nikamwambia shikamoo mzee, hapa si kuna mali? Akaitikia marahaba mwanangu, ngoja. Akaenda kwenye kisiki kimoja cha zamani ambacho mlingoti wake umeshaanguka, akakipasua kwa panga. Ndani kumeoza, kumekuwa kama uji, harufu inakuja kama tembo lililochacha, na mle ndani mabuu meupe manono na mdudu mweusi mwenye pua ndefu. Fukusi wa mkonge. Akasema huyu ndo mwenye shamba kwa sasa. Fukusi anazaliana kwenye visiki, na ukipanda mche mpya mzuri pembeni ya kisiki cha zamani umemletea chakula, anatoboa moyo wa mche na mche unaanguka. Ndo maana kusafisha shamba la mkonge sio kufyeka tu. Ni kung'oa visiki, kuvikatakata, kuvikausha juani, kulima na kulima tena, na kuiacha ardhi ipumue. Bloku moja inaweza kula msimu mzima.

Udongo nao. Mkonge una sifa ya uvumilivu mpaka watu wanadhani hauli. Unakula, tena sana, hasa chokaa na potashi, na udongo uliokatwa mkonge miaka 60 bila kurudishiwa chochote umechoka na umekuwa mchachu. Pima kwanza, Mlingano wapo na ndo kazi yao.

Kishawishi kikubwa kinakuja mwaka wa pili. Hela inaisha, benki inapiga simu, na kwenye kona ya shamba ipo bloku moja mbili za zamani ambazo bado zinaishi. Kanuni inasema unapokata uache majani kama 20 mpaka 25 juu, hayo ndo yanaulisha mmea utoe mengine. Mwenye njaa anaacha 10. Mwaka ule anapata marobota mengi na anapumua. Mwaka unaofuata majani yanatoka mafupi, na singa fupi inashushwa daraja na bei inashuka nayo, maana singa inapangwa kwa urefu, rangi na usafi, ile ndefu ya daraja la 3L ina bei yake na UG, ile ya daraja la chini, ina yake. Kwa hiyo anakata tena zaidi ili afidie. Nimeona bloku imekatwa mpaka imebaki kama nanasi. Haikuamka tena.

Ndo maana nasema mtu akinunua shamba la mkonge ahesabu kabisa hela ya kula miaka minne bila kutegemea singa. Kama ni mkopo uwe na muda wa kusubiri unaolingana na mmea, sio mkopo wa biashara ya duka unaodaiwa kuanzia mwezi wa tatu. Na kitalu kianze mvua za kwanza kabisa, hata kama kesi ya mpaka haijaisha, hata kama korona ni kutu tupu, kitalu kinahitaji eneo dogo tu karibu na maji na vimiche vilivyochaguliwa kwenye milingoti mizuri isiyo na ugonjwa. Hili wale ndugu walikosea na wenyewe wanakiri. Walianza na trekta, wakafuata korona, wakapaka rangi ofisi, kitalu wakakianza mwaka wa pili. Mwaka mzima umepotea na huo haununuliki.

Soko halinitii hofu sana. Kamba za mkonge hazitarudi kule zilikokuwa lakini singa ina kazi nyingine, Saudi Arabia na Nigeria wanaichanganya na jasi za kupamba dari, China wanainunua kwa mazulia na kamba za katikati ya waya za chuma, na dunia inavyozidi kuichoka plastiki kitu kinachooza chenyewe kinatafutwa. Serikali yenyewe ilijiwekea lengo la tani 120,000 ifikapo 2025/26, na mkonge ukaingizwa kwenye mazao ya kimkakati. Na mwenyewe mpya sio lazima awe tajiri mmoja. Kule Korogwe mashamba ya Hale, Magunga, Magoma, Mwelya na Ngombezi yana AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima wadogo, kila mtu na kipande chake, na hao nao wanapitia miaka ile ile ya kusubiri, tena wakiwa na jambo moja la ziada la kuwaumiza kichwa, foleni ya korona.

Hapa nikae kidogo maana ndo penye moyo wangu. Korona ni ile mashine kubwa ya kuchuna majani. Jina hilo lilikuwepo Tanga miaka mingi kabla ya ugonjwa, kwetu korona ni kazi. Jani la mkonge ukilipima, singa ndani yake ni kama asilimia 4 tu, iliyobaki ni maji na nyama ya jani. Maana yake kupata tani 1 ya singa unabeba tani 25 za majani. Robota moja ni kilo 250, kwa hiyo robota moja ni zaidi ya tani 6 za majani, ukikadiria jani nusu kilo ni majani 12,500, yaliyokatwa kwa mkono moja moja, yakatolewa mwiba wa ncha, yakafungwa matita ya majani 30 30, yakabebwa mpaka barabarani. Na jani likishakatwa halisubiri, siku mbili zikipita linakauka na nyama inaganda kwenye singa, haitoki safi. Ndo maana wazee walijenga korona katikati ya shamba na kuizungushia vireli vidogo kila upande. Vireli vile leo havipo, vimeuzwa chuma chakavu, na mwenyewe mpya anakuta analazimika kubeba maji na takataka kwa lori la dizeli asilimia 96 ya mzigo. Watu wakiuliza kwa nini mashamba ya siku hizi hayana faida kama ya zamani huwa nawaambia waanze kuhesabu na hapo.

Na wa kukata wako wapi? Kijana wa leo atakuambia bodaboda inampa hela jioni ile ile, mkonge unawasha, una miiba, unaamka saa kumi usiku na malipo yanakuja mwisho wa mwezi kama yakija. Simlaumu hata kidogo, nimemwona baba. Wale ndugu wanalipa kila Jumamosi kwa simu, wametengeneza bomba la maji kambini kabla ya kupaka rangi ofisi, samahani, baada ya kupaka rangi ofisi, lakini walitengeneza. Wakataji wanaanza kurudi.

Mwezi uliopita wakaijaribu korona kwa mara ya kwanza, kwa majani ya ile bloku ya zamani, wamekata kwa kuacha 25 juu. Majani yanapangwa kwenye meza, yanabanwa na kuvutwa, ngoma ya kwanza yenye visu butu inaponda na kukwangua nusu ya jani, alafu linashikwa upande wa pili na ngoma nyingine inakwangua nusu iliyobaki, maji yanamwagika muda wote. Yule mzee wa fukusi hakutazama majani. Alizunguka nyuma, akaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Beringi ya kwanza akaitikia kwa kichwa. Ya pili akainua mkono, zima, hii inasaga. Wakazima. Nilimwona baba pale.

Beringi ilikuja baada ya wiki mbili, wakawasha tena. Singa ikatoka upande wa pili, kina mama wakaipokea kwenda kuianika kwenye waya. Mmoja wao, kaanika singa tangu msichana, alishika fungu akalinyoosha juani, akalinusa, akalipangusa kwa kidole gumba. Akasema, "Bado ina ukijani wanangu, maji ni machache." Mdogo mtu akamuuliza atajuaje kama ni maji na sio visu, mama akamwonyesha singa imechunika vizuri ila nyama imebaki imelala juu yake, haijaoshwa. Pampu ile ilinunuliwa mpya na karatasi yake ilisema inatosha. Wakachukua spana wakashuka mtoni kuiangalia, na mimi nikawafuata.